Kuzama, Kudidimia au Kuzamia? Istilahi za Miamba Itokayo Vilindini

Msafiri atokaye Lindi kwa kufuata bonde la mto Lukuledi, afikapo Nanganga, huwa amesimama kati ya nchi mbili zisizofanana. Kusini kwake uko uwanda wa juu wa Makonde, unaoendelea hadi Newala, ambao ni mchanga na mawe ya mchanga yaliyotandazwa enzi za dinosaria. Mbele yake, huko Masasi, iko milima ya mawe matupu iliyosimama mmoja mmoja katika nchi tambarare. Miamba hiyo ya Masasi ni ya kale mno kuliko mchanga wa Newala, nayo iliwahi kuwa chini sana ardhini. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi jambo hilo lijulikanavyo, na ni istilahi zipi za Kiswahili zifaazo kulieleza.

Ganda la dunia si kipande kimoja, bali ni mabamba mengi yasogeayo kwa sentimita chache tu kila mwaka. Bamba la sakafu ya bahari, ambalo ni zito, likikutana na bamba jepesi hupita chini yake na kushuka vilindini. Bahari iliyokuwa katikati ikiisha, mabara hugongana, miamba hukunjwa, na milima huinuka. Ndivyo ilivyotokea katika Afrika Mashariki kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Alama ya tukio hilo ni safu ndefu ya miamba ambayo Mwingereza Arthur Holmes, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1951, aliiita Ukanda wa Msumbiji. Miamba ya Masasi ni sehemu ya ukanda huo. Milima yenyewe imekwisha kumomonyoka. Tuionayo leo ni mizizi yake.

Mwamba uliopata joto na mgandamizo mkubwa bila ya kuyeyuka huitwa mwamba geu. Istilahi hii ni njema kwa kuwa inajieleza yenyewe. Mfinyanzi achomapo chungu, udongo hauyeyuki, lakini haurudi kuwa tope tena, umegeuka. Vivyo hivyo chokaa hugeuka marumaru, na tope la bahari lenye mabaki ya viumbe hutoa kinywe, madini meusi yapatikanayo upande wa Ruangwa. Neno kinywe ni fupi na linatumika katika biashara ya madini. Hatuoni sababu ya kuliacha na kukopa jingine.

Ushahidi wa bamba lililoshuka na kurudi uko pia katika nchi yetu. Katika miamba ya Usagara, kwenye kilima cha Yalumba, wataalamu walieleza mwaka 1995 juu ya mwamba uitwao eklogaiti, wenye ganeti nyekundu na madini mengine ya kijani. Asili yake ni mwamba mweusi wa volkano unaofanana na ule wa sakafu ya bahari. Mwamba huo haugeuki kuwa eklogaiti ya namna hii mpaka ufikishwe kina cha zaidi ya kilomita 50. Umri wake ni takriban miaka milioni 2,000, na ni miongoni mwa ushahidi wa kale sana wa aina hiyo duniani. Ganeti hukua tabaka juu ya tabaka, kuanzia kiini hadi ukingoni, hivyo mtaalamu apimaye matabaka hayo huweza kujua hali ya joto na mgandamizo ilivyobadilika safarini. Umri hupatikana kwa kupima jinsi urani iliyo ndani ya chembe za madini ilivyogeuka kuwa risasi.

Sasa twende kwenye neno. Kushuka huko kwa bamba tukuiteje? Wengine husema kuzama. Lakini kilichozama, kwa msikilizaji wa kawaida, kimepotea. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo atashindwa kueleza eklogaiti ilifikaje kilimani. Wengine husema kudidimia. Neno hili lafaa zaidi kwa ardhi inayobonyea pale pale ilipo kwa uzito wake, nasi tungependa libakie na kazi hiyo. Kuzamia ni tofauti. Mzamiaji wa lulu hupita chini ya maji kwa mwelekeo aliouchagua, na aghalabu hurudi na kitu mkononi. Kwa hiyo tunapendekeza mzamio wa bamba, na kwa wingi mizamio.

Suala hili si dogo. Mjerumani Wilhelm Bornhardt aliitazama milima ya upweke ya kusini mwa nchi hii, na katika kitabu chake cha mwaka 1900 akaipa jina la Kijerumani lenye maana ya mlima kisiwa. Ulimwengu mzima ulilipokea jina hilo, na hata leo wanafunzi wetu hulikariri kama kitu kigeni, ilhali mlima wenyewe wauona kwa dirisha la darasa. Mlima kisiwa ni Kiswahili kinachoeleweka Masasi na kwingineko. Jiwe lilikuwa letu tangu mwanzo. Tusichelewe tena katika kulipa jina. Wasomaji walio na neno bora kuliko mzamio, hasa wasemaji wa lugha za Kusini, tunawaomba watuletee.