Wachoctaw na Baraza Lao: Wahindi Wekundu Waliojitungia Sheria

Ukimtajia mtu wa mwambao Wahindi Wekundu, mara moja atakumbuka senema: manyoya kichwani, mishale, farasi mbio, na mzungu mwenye bunduki ambaye hafi hata akipigwa namna gani. Jina lenyewe ni la makosa, kwani Columbus alidhani amefika Bara Hindi, na kosa lake tukalirithi sote. Lakini sijapata kuona senema iliyowaonyesha watu hao wamekaa barazani, karani mbele yao na kalamu yake, wakibishana juu ya kifungu kimoja cha sheria. Na hayo yalikuwako. Kabila la Choctaw lilikuwa na katiba iliyoandikwa tangu mwaka 1826, na kufikia 1842 lilikuwa na Bunge lenye mabaraza mawili, la juu na la chini, nchi nyingi za dunia zikiwa bado chini ya amri ya mfalme mmoja.

Kwao hasa ni nchi ambayo leo ni jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Walikuwa wakulima wa mahindi na maharagwe, nao waligawanyika katika wilaya tatu, kila moja na mkuu wake aitwaye mingo. Nasaba waliihesabu kwa kukeni. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mamake, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu yake kuliko baba. Kwa hivyo Greenwood LeFlore, ambaye babake alikuwa mfanyabiashara Mfaransa wa Kanada na mamake Mchoctaw, hakuwa chotara machoni pa wenzake, bali alikuwa mwenzao kamili, na akafika kuwa mkuu wa wilaya.

Mkuu hakuwa na jela wala askari. Alichokuwa nacho ni ulimi. Mtu akiuawa, jamaa zake walikuwa na haki ya damu, na muuaji akitoroka basi nduguye au mjomba wake aliweza kuuawa badala yake. Wengine walijitoa wenyewe wafe kwa ajili ya ndugu aliyekimbia. Msomaji aliyefundishwa mlango wa kisasi na dia chuoni ataona mara moja tatizo liko wapi: asiye na hatia analipa. Wachoctaw wenyewe waliliona.

Mwaka 1820, katika mkataba uliofanywa mahali paitwapo Doak's Stand, Wachoctaw walimega sehemu kubwa ya nchi yao wakaipa Marekani, wakapewa nchi nyingine mbali upande wa magharibi. Jenerali Andrew Jackson ndiye aliyeongoza mazungumzo kwa upande wa Marekani. Katika mkataba huo kulikuwa na kifungu kidogo kilichokuja kuzaa mambo makubwa: kila wilaya itapewa dola 200 kwa mwaka za kuanzisha kikosi cha askari wapanda farasi. Kikosi hicho kilikuwa polisi, mwendesha mashtaka, na mara nyingi hakimu pia. Baraza likaanza kuandika sheria, na hao wakazitekeleza. Walipasua mapipa ya wiski iliyoletwa na wachuuzi wazungu. Kisasi cha ukoo kikapigwa marufuku, ikawa muuaji ndiye atakayejibu, si nduguye. Mwizi wa farasi alipigwa viboko, akirudia akapigwa zaidi, na mara ya tatu ni kifo.

Mwezi wa Agosti 1826 wakaandika katiba. Ilitaka wakuu wachaguliwe, na sheria zitoke barazani. Si wote waliofurahi. Wazee wengi waliona kwamba vijana waliosomeshwa na wamisionari, akina LeFlore na David Folsom, walikuwa wakivaa koti la mzungu na kuliita la babu zao. Upande wa pili ulikuwa na hoja yake. Mzungu amekuwa akisema siku zote kwamba Mhindi hana serikali, ni mtu wa porini, kwa hivyo ardhi yake ni bure. Sasa tumpe serikali aione, kwa maandishi, tuone atasema nini.

Jawabu lilikuja upesi. Mwezi wa Januari 1830, Bunge la jimbo la Mississippi lilipitisha sheria ya kulivunja baraza la Wachoctaw. Tangu siku hiyo Mchoctaw atahukumiwa kwa sheria za jimbo, na yeyote atakayejiita mkuu, au kufanya kazi ya mkuu, atatozwa faini ya hadi dola 1,000 na kufungwa hadi miezi 12. Fikiri, msomaji. Miaka minne tu baada ya kujiandikia katiba, kuwa kiongozi wa watu wako kumekuwa jinai. Jackson, ambaye sasa alikuwa Rais, alisema hana uwezo wa kulizuia jimbo, na tarehe 28 Mei mwaka huohuo akatia sahihi sheria ya kuwahamisha Wahindi wote wa kusini ng'ambo ya mto Mississippi.

Mnamo Septemba wajumbe wa Marekani, John Eaton na John Coffee, waliwaita Wachoctaw penye kijito cha Dancing Rabbit. Wamisionari walikatazwa kuhudhuria, lakini wauza pombe na wacheza kamari waliachiwa njia. Baraza lilikataa kuuza nchi, na watu wengi, wakidhani shauri limekwisha, wakafunga mizigo wakarudi makwao. Waliobaki walitishwa kwa jeshi, na tarehe 27 Septemba 1830 wakatia sahihi. Karibu ekari milioni 11 zikaenda. LeFlore alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Yeye hakuhama, alibaki Mississippi akawa tajiri wa mashamba ya pamba, na wapo wasiomsamehe hadi leo.

Hata hivyo wale waliokaa kwenye majadiliano hawakuwa wajinga. Kifungu cha 4 cha mkataba huo kiliahidi kwamba hakuna jimbo litakalokuwa na haki ya kuwatungia Wachoctaw sheria, na kwamba nchi yao mpya haitaingizwa katika jimbo lolote kamwe. Waliuza ardhi, lakini walinunua mamlaka ya kujitawala, ikaandikwa hivyo. Neno "kamwe" tutalirudia.

Safari ya kuhama ilifanywa kwa makundi kati ya 1831 na 1833. Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa makali kupita kiasi. Mwandishi Mfaransa Alexis de Tocqueville alikuwako Memphis mwezi wa Disemba 1831, akawaona wakivuka mto: wagonjwa, watoto wachanga na wazee wa kufa, katikati ya mabarafu. Aliandika kwamba hakusikia mtu akilia. Waliolia ni mbwa, walipofahamu kuwa wameachwa ukingoni. Baridi, njaa na kipindupindu viliua watu kwa maelfu.

Kinachonishangaza mimi si kwamba walifika wakiwa hoi. Ni kwamba mwaka mmoja baadaye, mwezi wa Juni 1834, walikuwa wamekwisha andika katiba mpya. Baraza lilikuwa na madiwani 27, tisa kutoka kila wilaya, na wilaya hizo wakazipa majina ya wakuu wao wa zamani, Apukshunnubbee, Pushmataha na Moshulatubbee. Wakuu watatu waliweza kuipinga sheria, lakini theluthi mbili za baraza ziliweza kuwapita. Mshtakiwa alipewa haki ya kuhukumiwa mbele ya wazee wa baraza ya mahakama. Nyumba ya baraza waliipa jina Nanih Waya, kwa kumbukumbu ya kile kilima kitakatifu walichokiacha Mississippi, ambacho masimulizi yao yanakiita mama wa kabila zima.

Katika sheria za mwaka huohuo imo moja ya uchawi. Anayemuua mtu kwa kumtuhumu mchawi, naye atauawa. Na anayejitangaza hadharani kuwa mchawi, au kumtaja mwenziwe kuwa ni mchawi, atapigwa viboko 60. Sisi wa mwambao, ambao bado tunasikia habari za wazee wanaouawa kwa tuhuma hizo, hatuna la kuwacheka.

Ardhi haikuwa mali ya mtu. Ilikuwa ya taifa zima, mfano wa wakfu. Ulilima kiasi unachoweza, na nyumba na mimea ni yako, lakini udongo huuzi, na usisogelee shamba la mwenzio chini ya robo maili. Palipo na ardhi ya bure hapakosekani wachumba. Wazungu wengi walikuja kuoa, si kwa mapenzi peke yake, na mwaka 1875 Bunge likatunga sheria: mzungu anayetaka kumuoa binti wa Kichoctaw alipe dola 25 za leseni, alete hati ya tabia njema iliyotiwa sahihi na Wachoctaw 10 wenye heshima, na akimwacha mkewe haki zake za uraia zimekwisha.

Elimu ndiyo waliyoitolea fedha bila ya kusita. Mwaka 1842 baraza lilipitisha sheria ya kujenga shule za bweni, baadhi za wavulana na baadhi za wasichana, kwa fedha za kabila lenyewe. Wamisionari walifundisha kwa mkataba, lakini mwajiri alikuwa Mchoctaw. Sheria zilichapishwa kwa Kiingereza na kwa Kichoctaw pamoja, mtu asije akasema hakufahamu.

Hawakupatana siku zote. Katiba ya mwaka 1857, iliyoandikwa Skullyville, iliondoa wakuu wa wilaya ikaweka gavana mmoja, na wananchi wakashuku kwamba huo ni mlango wa kuwatia katika jimbo la wazungu. Ikawa serikali mbili zinashindania nchi moja mpaka walipopatana mwaka 1860 huko Doaksville. Hapo wakawa na Mkuu wa taifa, wakuu wa wilaya chini yake, mabaraza mawili na mahakama kuu.

Sasa nifike penye doa, maana halifichiki. Watu hawa waliopigania kujitawala walimiliki watumwa weusi. Kufikia 1860 watumwa hao walizidi 2,300. Mwaka 1836 baraza hilohilo lilitunga sheria ya kukataza kumfundisha mtumwa kusoma bila ya ruhusa ya bwana wake, na ya kumfukuza kila anayehubiri kukomesha utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 wakajiunga na majimbo ya kusini, wakashindwa pamoja nayo. Mkataba wa 1866 ukakomesha utumwa. Wakati wa mazungumzo hayo Allen Wright, Mchoctaw aliyesomea vyuo vya mashariki, ndiye aliyependekeza jina Oklahoma, yaani watu wekundu. Lakini walioachwa huru hawakupewa uraia hadi 1883, miaka 17 wakiwa hawana kura wala shule ya taifa.

Jela hawakuzipenda hata mwisho. Aliyehukumiwa kufa aliachiliwa aende nyumbani kumaliza mambo yake, kwa ahadi tu. Silan Lewis, aliyehukumiwa kwa mauaji katika ghasia za uchaguzi wa 1892, alirudi mwenyewe siku yake ilipofika mwaka 1894 akapigwa risasi.

Wakati huo reli na makaa ya mawe vilikwisha leta wazungu wengi kuliko wenyeji. Mwaka 1898 sheria ya Marekani ilivunja mahakama za makabila, ardhi ikakatwa vipande ikagawiwa mtu mmoja mmoja, na tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo, nchi ya Wachoctaw ikiwa ndani yake. Ndilo lile "kamwe". Kwa miongo mingi mkuu wao aliteuliwa na Rais wa Marekani, mpaka 1971 walipompigia kura tena. Mwaka 1983 wakapata katiba mpya, na mwaka 2021 mahakama ya Oklahoma ilitamka kwamba eneo lao, kisheria, halikuwahi kufutwa.

Jumba lao la matofali la 1884 bado limesimama Tuskahoma, na kila mwaka mapema Septemba maelfu hukusanyika uwanjani pake. Katiba ile ya 1983 inamhesabu kuwa Mchoctaw yule tu ambaye babu yake aliandikwa katika orodha ya damu. Wajukuu wa watumwa waliandikwa katika orodha nyingine, na kwa sababu hiyo wameachwa nje.