Hoteli mpya Mwanza: bei ya chumba huanzia kwenye ramani

MWANZA. Chumba cha hoteli kisichouzwa usiku huu hakiuziki tena kesho. Ni kama samaki mbichi aliyelala bila barafu. Kwa hiyo mwenye mtaji anayezitazama hoteli mpya za ufukweni mwa Ziwa Victoria aisome ramani ya jengo kabla ya hesabu za benki.

Macho mengi yamekuwa kwenye hoteli ya nyota tano ya mfuko wa NSSF, mradi ulioanza miaka ya 2010, ukasimama kwa muda, kisha ukaendelea. Fedha za mfuko huo ni michango ya wafanyakazi, hivyo gharama ya kila korido inawahusu wengi.

Ipo kanuni ya zamani ya kukadiria: kila Sh. 1,000 zilizotumika kujenga chumba, pamoja na fungu lake la jiko, kumbi na bwawa, zidai Sh. 1 kwa usiku. Chumba kilichogharimu Sh. milioni 200 kitahitaji Sh. 200,000. Mapokezi yenye mbwembwe, basi, hulipwa na mgeni, au na mwenye hisa pale mgeni asipotokea.

Korido ndiyo mtihani wa kwanza. Ikiwa na vyumba pande zote mbili, ujenzi ni nafuu, lakini nusu ya wageni wataangalia kilima. Ikiwa na vyumba upande mmoja, wote wanaliona ziwa, ila korido ileile inabeba nusu tu ya mapato.

Tena, mandhari ya Mwanza yana gharama yake. Jiji liko mashariki ya Ghuba ya Mwanza, hivyo dirisha la ziwani mara nyingi hutazama magharibi na kupigwa na jua la alasiri. Bila baraza pana la kuleta kivuli, viyoyozi vitakula faida kupitia bili ya umeme. Hili wachoraji wanaopenda vioo vitupu hulisahau sana.

Chini ya jengo kuna mawe. Mwamba hubeba msingi vizuri, lakini kuupasua na kupitisha mabomba ya majitaka ni ghali. Mara nyingi ni nafuu kuliacha jabali likawa pambo la bustani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango cha rekodi ya 1964, na waliojenga karibu mno waliona.

Wafanyabiashara wa samaki, nyanya na mchele waangalie upande wa nyuma: lango la mizigo, stoo, vyumba vya baridi. Hoteli yenye stoo finyu hununua kidogo kidogo kila siku, jambo linalomfaa muuzaji mdogo wa karibu. Yenye vyumba vikubwa vya baridi huingia mikataba ya jumla, na hapo mwenye mtaji mdogo husukumwa pembeni.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linakata pande zote mbili. Mtu wa Geita sasa anafika mkutanoni Mwanza bila kungoja kivuko, na anaweza kurudi kulala kwake jioni hiyohiyo. Kwa ramani ambazo bado ziko mezani, hiyo ni sababu ya kuongeza kumbi kabla ya kuongeza ghorofa za vyumba.