Vidonge vya Hesabu: Tunajuaje Kama Dawa Inamsaidia Mtoto?

Leo tunazungumza juu ya dawa za watoto ambao ukuaji wao una shida: mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo pamoja na kifafa, au yule asiyeweza kutulia wala kusikiliza hadi anashindwa kujifunza. Swali ninaloulizwa sana kliniki ni hili: "Sista, hii dawa inafanya kazi kweli?" Ni swali zuri, na kulijibu kunahitaji hesabu kidogo. Usifunge redio, mama. Ni hesabu za shule ya msingi tu.

Nianze na kisa cha kweli. Mwaka 1937, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, daktari mmoja aitwaye Charles Bradley aliandika habari ya watoto aliokuwa akiwatibu hospitalini kwa matatizo ya tabia na masomo. Siku hizo hakukuwa na mashine za skani kama zilizoko leo katika hospitali kubwa. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo na maji yanayouzunguka huonekana karibu sawa. Kwa hivyo madaktari walikuwa wakitoa maji hayo kupitia uti wa mgongo, kisha wanaingiza hewa mahali pake. Mionzi ya eksirei hupita kwenye hewa kwa urahisi kuliko kwenye maji, na hapo umbo la ubongo likaonekana. Fizikia ilisaidia, lakini watoto waliumwa na kichwa vibaya sana.

Bradley akawapa dawa iitwayo Benzedrine, akitumaini mwili utatengeneza maji mengine upesi na maumivu yaishe. Kichwa hakikupoa sana. Lakini darasani kukaonekana jambo ambalo hakulitarajia: baadhi ya watoto walianza kutulia na kumaliza kazi zao. Alipoijaribu dawa hiyo kwa watoto 30, karibu nusu yao walibadilika sana katika masomo. Watoto wenyewe wakaviita "vidonge vya hesabu".

Jina linapendeza, lakini lisitudanganye. Kidonge hakikumfundisha mtoto yeyote kujumlisha. Kilimwezesha kukaa na kusikiliza, na mwalimu ndiye aliyefundisha. Dawa za jamii hiyo bado zipo. Inayotumiwa sana ni methilifenideti, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944. Hutolewa na daktari anayewajua watoto hawa, baada ya kumpima mtoto, na siyo ya kununuliwa bila cheti cha daktari. Tena tusisahau ile nusu nyingine, watoto ambao hawakubadilika sana. Kama Bradley angeandika juu ya mtoto mmoja tu aliyefaulu, tungedhani dawa ni ya kila mtoto.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotezwa. Mwaka 1998, huko huko Marekani, iliandikwa habari ya watoto watatu wenye usonji waliopewa sekritini. Hiyo ni kemikali ambayo utumbo hutengeneza kusaidia kumeng'enya chakula, na madaktari walikuwa wakiitumia kupima kongosho. Ikasemekana watoto hao watatu walianza kuangalia watu usoni na kuongea zaidi. Habari ikafika kwenye televisheni. Wazazi kwa maelfu wakaitafuta sekritini, wengine wakalipa pesa nyingi sana kwa sindano moja.

Watafiti wakaipima ipasavyo. Walichukua watoto 60 na kuwagawanya kwa bahati nasibu, kama kurusha shilingi juu. Kundi moja likachomwa sekritini, la pili likachomwa maji ya chumvi. Mzazi hakujua mtoto wake amepewa nini, na anayempima mtoto pia hakujua. Majibu yalitoka Desemba 1999. Watoto waliopewa sekritini walionekana kupata nafuu. Na waliopewa maji ya chumvi je? Nao walionekana kupata nafuu, kwa kiasi kile kile. Kufikia mwaka 2012 yalikuwa yamefanywa majaribio 16, yenye watoto zaidi ya 900 kwa jumla, na hayakuonyesha kwamba sekritini inasaidia usonji. Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika lile jaribio la kwanza, wazazi wengi walipoambiwa matokeo walisema bado wanaitaka. Siwalaumu. Mwenye kiu huona maji hata penye mchanga.

Lakini maji ya chumvi yangewezaje kumpa mtoto nafuu? Fikiria wewe mwenyewe hutafuta dawa siku gani. Huitafuti wiki ambayo mtoto amelala vizuri na kula vizuri. Unaitafuta wiki ambayo amejing'ata, amepiga kichwa ukutani, na wewe hujalala siku tatu. Watoto hawa wana siku mbaya na siku za afadhali. Baada ya wiki mbaya kupita kiasi, inayofuata mara nyingi huwa afadhali, hata kama hukufanya lolote. Ukimpa kitu katikati, iwe sindano, mafuta au mzizi wa kuchemsha, kitu hicho ndicho kitakachosifiwa. Ongeza hapo matumaini yako, na kwamba siku hizo unamwangalia kwa makini zaidi, na mtoto mwenyewe anakua. Ndiyo sababu hesabu inataka kundi la pili la kulinganisha.

Na isije ikasemwa kwamba nesi anapinga kila dawa. Mwaka 2002 zilichapishwa habari za watoto 101 wenye usonji waliokuwa na hasira kali, kupiga wengine na kujiumiza. Waligawanywa kwa njia ile ile kwa wiki nane. Waliopewa dawa ya risperidoni walikuwa 49, na 34 kati yao walipata nafuu kubwa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa 52, nao walikuwa 6 tu. Hapo tofauti inaonekana wazi. Lakini sikiliza vizuri: kilichopungua ni hasira na kujiumiza. Usonji wenyewe ulibaki. Tena waliomeza dawa waliongezeka uzito karibu kilo 3 katika wiki hizo nane, na wale wengine hawakufika hata kilo 1. Kwa hivyo mtu akikwambia ana dawa ya "kuondoa usonji", muulize: ilijaribiwa kwa watoto wangapi, na ililinganishwa na nini? Akianza kukusimulia mtoto wa jirani yake, rudisha pesa zako kwenye mkoba.

Sasa tuje nyumbani, kwa dawa za kifafa, kwa maana huku ndiko makosa ya hesabu yanakoumiza watoto wengi. Dawa ya mtoto hupangwa kwa kilo zake. Tuseme mtoto alianza matibabu akiwa na kilo 10, na alikuwa akipewa miligramu 50. Hizo ni miligramu 5 kwa kila kilo. Miaka imepita, sasa ana kilo 15, na bado anapewa zile 50. Gawanya: ni kama miligramu 3 na kidogo kwa kilo. Dawa imepungua kwa theluthi moja na hakuna aliyeipunguza. Mtoto ndiye aliyekua. Kifafa kinarudi, na kijijini watu wanasema ni mapepo au ni jicho la mtu. Kabla ya kwenda kwingine, nenda kwenye mizani. Mtoto asiyeweza kusimama hupimwa hivi: panda mizani ukiwa umembeba, tuseme ni kilo 72. Mpe mwenzako, panda peke yako, tuseme ni 58. Mtoto ni kilo 14. Usibadilishe dozi mwenyewe. Chukua namba hiyo umpelekee daktari.

Kuna pia chupa. Dawa nyingine za maji ni unga ulioelea ndani ya maji, hazijayeyuka. Unga ni mzito kuliko maji, kwa hivyo huzama polepole, kama vile uji wa wimbi unavyotuama. Usipotikisa chupa, wiki ya kwanza mtoto anakunywa maji yenye dawa kidogo, na kifafa kinamshika. Wiki ya mwisho anakunywa dawa nzito, anasinzia na kupepesuka akitembea. Dozi ni ile ile, na kijiko ni kile kile. Tikisa kila mara, kisha upime kwa sirinji ndogo isiyo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Na kila ukibadilishiwa chupa kwenye duka la dawa, angalia maandishi: ni miligramu ngapi katika mililita 5? Ikiwa namba si ile ya chupa ya kwanza, uliza kabla ya kuondoka.

La mwisho ni muda. Mwili hupunguza dawa nusu kwa nusu: kutoka 100 inabaki 50, kisha 25, kisha 12 na kidogo. Methilifenideti ya kawaida hupungua nusu kwa saa mbili au tatu hivi, ndiyo maana hutolewa asubuhi na mchana, na ikitolewa jioni mtoto hukesha. Fenobabitoni, inayotolewa sana kwa kifafa, huchukua kama siku mbili hadi tatu kupungua nusu kwa mtoto. Kwa hivyo hujijenga mwilini polepole, na huenda zikapita wiki mbili kabla hujaona kazi yake kamili. Mzazi anayeacha siku ya nne akisema "haifanyi kazi" hajaipa nafasi. Na ile inayotumika kwa muda mrefu haikatwi ghafla, hata mtoto akiwa mzima miezi mingi. Kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kisichokoma. Hupunguzwa kidogo kidogo na daktari. Ukisahau dozi moja, usimpe mbili kwa pamoja. Piga simu au nenda kliniki ukaulize.

Nunua daftari la shule. Kila jioni andika tarehe, ameshikwa na kifafa mara ngapi na kwa dakika ngapi, amelala saa ngapi, amejiumiza mara ngapi. Anza kabla ya dawa mpya, wiki mbili ukiweza, ili uwe na cha kulinganisha. Usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja: ukianza dawa mpya na chakula kipya wiki moja, hutajua kipi kimefanya nini. Siku ya kliniki usiseme tu "anaendelea vizuri". Fungua daftari umwonyeshe daktari. Mama aliyeandika mara 9 mwezi wa kwanza na mara 2 mwezi wa tatu amenipa kitu ambacho hakuna mashine ya kliniki yetu inayoweza kunipa.

Na usiku wowote kifafa kikipita dakika tano, mlaze mtoto ubavu, usimtie chochote mdomoni, na mpelekeni hospitali bila kungoja kukuche. Chupa ya dawa na daftari viende pamoja naye.