Usimsomee tu mamako meseji, mfundishe kuzisoma

Umejilaza kitandani na simu yako. Mamako anaita kutoka jikoni: "Hebu kuja unisomee hii meseji." Unaenda, unaisoma kwa sekunde mbili, "Ni anti amekutumia elfu moja," kisha unarudi kwa mambo yako. Kazi imeisha, sivyo?

Haijaisha. Kesho atakuita tena. Na siku ambayo hutakuwepo, atamwita mtu mwingine.

Katika ploti tunayoishi kuna mama anayeuza mboga na omena kando ya barabara. Hajasoma. Ni majirani wachache tu tuliojua, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa tukimsomea meseji jioni. Mchana akiwa kibandani, alisaidiwa na kijana mmoja wa hapo karibu kutuma na kutoa pesa kwa simu. Alimpa hata nambari yake ya siri. Angefanyaje?

Januari ilipofika akataka kulipia watoto karo, akapata akiba yake imebaki nusu. Kijana naye alikuwa ameshahama mtaa. Tulipokaa chini na ile simu, tulikuta kila kitu humo ndani. Leo 200, kesho kutwa 350, hivyo hivyo kwa miezi saba. Kila pesa zilipotoka, meseji iliingia kumwambia. Ushahidi wote alikuwa akitembea nao kwenye mfuko wa aproni.

Mimi nilikuwa nimemsomea meseji mara nyingi sana. Lakini hata siku moja sikuwahi kumwonyesha neno "umetuma" linavyokaa.

Wako wengi kuliko unavyodhani

Mwaka 2006 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu kusoma na kuandika miongoni mwa watu wazima. Watafiti hawakuuliza watu kama wanajua kusoma na kuishia hapo, waliwapa mtihani. Matokeo yake ni kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, yaani takriban watu milioni 7.8, hawakuweza kusoma na kuandika. Na usifikiri ni wazee peke yao. Miongoni mwa vijana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 29.9 walianguka.

Nairobi ndiyo iliyoongoza kwa asilimia 87.1, huku eneo la Kaskazini Mashariki likiwa chini ya asilimia 10. Lakini hebu zipige hesabu hizo za Nairobi upya. Hata katika jiji lenye shule kila kona, karibu mtu mmoja kati ya wanane alishindwa. Takwimu hizo ni za kitambo, ila wengi wa watu hao bado tunaishi nao. Huenda mmoja alikuuzia sukuma wiki jana.

Hutamjua kwa urahisi kwa sababu amejifunza kujificha. Akipewa fomu, atakuambia amesahau miwani nyumbani. Stejini atamuuliza makanga gari linaenda wapi ilhali kibao kiko mbele yake. Kanisani atafungua Biblia na kuiangalia tu. Duka la dawa wakimwandikia namna ya kumeza, ataweka akilini alichoambiwa kwa mdomo na kuomba Mungu asisahau.

Kinachomficha ni aibu, na sisi vijana tumechangia. Neno "ngumbaru", ambalo watu wengi hutumia kuita masomo ya watu wazima, mtaani tumeligeuza mzaha wa kumwambia mtu kwamba ni mjinga. Basi mama wa miaka 50 ataendaje darasani akijua jina hilo linamsubiri mlangoni?

Ndiyo maana Kimani Ng'ang'a Maruge alishangaza dunia. Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa ya bure, mzee huyo wa miaka 84 alivaa sare na kaptura akajiunga na darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Mwaka uliofuata alikuwa New York kwenye Umoja wa Mataifa akitetea elimu. Alifariki 2009. Tunamsifu Maruge, na anastahili. Lakini si kila mzee ana moyo wa kukaa dawati moja na watoto wa miaka sita, na hapaswi kulazimika.

Watu wazima hujifunza vipi?

Katika mji wa Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha kundi la wafanyakazi wapatao 300 mwaka 1963. Masomo yalichukua kama saa 40. Hawakuanza na picha za bata na mpira. Freire aliamini kwamba mtu mzima anafaa kuanza na maneno ya maisha yake mwenyewe, kwa mfano fundi aanze na neno "tofali". Mnazungumza kwanza kuhusu tofali: nani analitengeneza, analipwa ngapi? Kisha mnalivunja neno vipande vipande, na kutoka kwa vipande hivyo mnaunda maneno mapya. Brazil ya wakati huo, asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, kwa hivyo unaona mbona jambo hili halikuwafurahisha wakubwa. Jeshi lilipotwaa mamlaka 1964, Freire alifungwa jela kisha akaishi uhamishoni.

Utafiti mwingine ni wa Niger. Kuanzia 2009, watafiti walifuatilia watu wazima katika vijiji 113. Wote walifundishwa kusoma kwa lugha zao, lakini katika baadhi ya vijiji walifundishwa pia kutumia simu za kawaida, zile tunazoita mulika mwizi. Walipopimwa, wanafunzi wa simu walipata alama za juu kuliko wenzao. Ukifikiria, inaeleweka. Daftari hubaki darasani, simu huenda nawe sokoni.

Jambo la tatu ni kasi. Anayesoma polepole sana, herufi kwa herufi, akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Hii haimaanishi kwamba hana akili. Anahitaji kurudia maneno machache hadi ayatambue kwa haraka, jinsi wewe unavyotambua sura ya rafiki yako bila kuhesabu pua na macho.

Anza hivi nyumbani

Ukiunganisha hayo matatu, darasa tayari liko mkononi mwa mamako. Kwanza, badilisha lugha ya huduma yake ya pesa kwa simu iwe Kiswahili. Kiswahili hakina mambo ya Kiingereza ambapo herufi moja inatamkwa hivi leo na vile kesho. Ukijua "pe" na "sa", umejua. Ikiwa anaelewa Kikamba ama Dholuo vizuri zaidi, anza na hiyo. Akishajua kusoma lugha moja, kuhamia nyingine ni rahisi.

Pili, anza na majina. Jina lake, ya watoto wake, ya wenzake wa chama walio kwenye simu. Haya anayajali, na atayatafuta kila siku.

Tatu, chukua neno "pesa". Livunje: pe-sa. Leta "sukari": su-ka-ri. Mwache achanganye vipande mwenyewe. Atapata "sasa". Kama ni msusi atapata "suka". Siku atakayounda neno ambalo hukumfundisha, utaona uso wake unavyobadilika.

Nne, nenda kwa meseji yenyewe. Mpangilio wake haubadiliki sana, na maneno kama "umepokea" na "umetuma" hurudi tena na tena. Mwonyeshe hayo mawili kabla ya mengine yote, maana tofauti yake ndiyo pesa yake. Tarakimu hutahangaika nazo sana. Mtu aliyeuza sokoni miaka 20 anapiga hesabu kukushinda.

Dakika 15 kwa siku zinatosha, ilimradi ziwe za kila siku. Usimfundishe mbele ya wadogo zako ikiwa hapendi. Usicheke. Usimnyang'anye simu ati kwa sababu anakawia. Simu ikae mkononi mwake na kidole kiwe chake. Na nambari ya siri ibonyezwe na yeye peke yake, hata wewe geuza uso.

Akizoea, mtafutie vitu vya kusoma. Mradi wa African Storybook una hadithi za bure kwenye intaneti kwa Kiswahili na lugha nyingi za Kenya. Ni za watoto, kweli, lakini mpe shosho sababu ya heshima: amsomee mjukuu. Hapo hakuna atakayejua nani anamfundisha nani.

Na akitaka kwenda mbali zaidi, serikali ina madarasa ya elimu ya watu wazima, mengi yakifanyiwa kwenye kumbi za mtaa, makanisa na shule. Uliza katika ofisi ya chifu ama ya elimu ya kaunti ndogo. Uliza pia saa za masomo, kwa kuwa darasa la saa nane mchana halimfai mtu anayefunga kibanda saa mbili usiku. Msindikize siku ya kwanza. Yeye alikusindikiza ya kwako.

Yule jirani yetu hakurudishiwa pesa zake. Tulianza masomo Februari, kwenye ngazi za ploti, baada ya kufunga kibanda. Bado anasoma polepole, midomo ikichezacheza, na maneno marefu yanamtesa. Juzi meseji iliingia tukiwa hapo, nami kwa mazoea nikanyoosha mkono kuichukua simu.

"Wacha," akaniambia, akiivuta upande wake. "Ngoja nisome."

Ilimchukua karibu dakika mbili. Nilingoja.