Mzee Akisahau, Nani Amsemee?

Pwani ya Kilifi, mvi zinaweza kumponza mtu. Bibi kizee anaamka usiku wa manane, anatoka na kuingia uani kwa jirani akimwita ndugu aliyezikwa zamani. Daktari angeshuku dimenshia, maradhi ya ubongo yanayofuta kumbukumbu. Jirani anaona mchawi.

Wazee wengi wa kaunti hii wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa shamba. Baadhi ya walionusurika wamepata hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze.

Uholanzi wanabishania jambo jingine kuhusu wenye dimenshia. Tangu 2002 sheria yao inamruhusu daktari, kwa masharti, kumsaidia mgonjwa kufa, na wosia ulioandikwa kabla akili haijapotea unaweza kutumika. Mwaka 2016, mama wa miaka 74 mwenye dimenshia alitiliwa dawa ya usingizi katika kahawa bila kuambiwa. Sindano ya mwisho ilipoanza aliinuka, na jamaa zake wakamshika. Mahakama ilimwachilia daktari mwaka 2019. Swali limebaki: anayepaswa kusikilizwa ni yule aliyeandika wosia, au huyu anayejitoa mikononi mwao?

Kenya, Kifungu cha 26 cha Katiba kinalinda uhai, na kumsaidia mtu kujiua kunaweza kumfunga mhusika maisha. Wapo wanaouona msimamo huo kuwa mkali mno kwa mgonjwa anayeteseka, na mateso yake si ya kupuuzwa. Lakini pale ambapo mrithi anaweza kunufaika na kifo cha mzee, idhini ya mtu asiyeweza tena kujieleza ni rahisi mno kughushiwa.

Na wazee hawa si mzigo: Kuruwitu, pwani hiyohiyo ya Kilifi, wazee wa uvuvi walikuwa mstari wa mbele kutafuta suluhisho samaki walipopungua, na mwaka 2005 eneo la bahari likafungwa ili matumbawe yapone. Wazee kama hao wanastahili kulindwa hata siku watakaposahau majina ya watoto wao.

Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na familia na Serikali. Kwa hiyo zahanati za vijijini ziwe na wahudumu wanaoitambua dimenshia na kuieleza familia mapema, kabla ya uvumi wa uchawi kuanza. Naye binti anayemwogesha mamaye na kukesha naye apate wa kumpokea zamu.