Harambee isiwe mlango wa kwanza kwa mgonjwa wa saratani

Mnamo Februari 2025, watu wa ukoo wetu tulikusanyika chini ya mwembe ulio mbele ya boma la marehemu baba yetu, kule Mutomo, ili kumchangia dada yangu mkubwa. Madaktari walikuwa wamethibitisha kwamba uvimbe uliokuwa kwenye titi lake ulikuwa saratani. Mwalimu mmoja mstaafu alishika daftari na kalamu, kasisi akaomba dua, kisha kila mtu akatoa alichojaliwa. Kufikia machweo tulikuwa na shilingi 186,000, mbuzi watatu na ahadi chungu nzima. Tulirejea makwetu tukiwa na furaha ya watu waliotimiza wajibu.

Baada ya majuma saba fedha hizo zilikuwa zimekwisha. Picha za skeni, vipimo vya damu, uchunguzi wa kinyama kilichokatwa na awamu mbili za dawa zinazotiwa mshipani, vyote vililipiwa taslimu. Mbuzi nao walikuwa wamekwisha kuuzwa. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa karani kwenye dirisha la malipo, ambaye nadhani alichoka kuniona nikihesabu noti, aliponiuliza kwa upole: "Mzee, kwani mgonjwa wako hana SHA?"

Naona haya kuliandika jibu nililompa, maana mimi ni mtu ninayekula kwa kusoma na kuandika. Nilimwambia kwamba amejisajili. Kujisajili alikuwa amejisajili kweli, wakati maafisa walipopita sokoni na simu zao. Lakini hakuwa amelipa mchango wake, na jina lisilolipiwa halimfai mgonjwa wodini. Tulilipa siku iyo hiyo. Ada yake ya mwaka mzima ilikuwa ndogo kuliko bei ya mmoja wa wale mbuzi. Fedha tulizokuwa tumekwisha kulipa hazikurudi.

Huenda msomaji akasema kwamba huo ulikuwa uzembe wetu, nami sitabisha. Hata hivyo, katika majuma hayo saba tulipita mbele ya madaktari, wauguzi na makarani wengi, na hakuna hata mmoja kabla ya msichana yule aliyetuuliza swali hilo. Bei ya kila kipimo tuliambiwa upesi.

Hebu nieleze nilichojifunza baadaye, kwa faida ya yeyote ambaye mlango wake utabishwa na maradhi haya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa ile Hazina ya Bima ya Hospitali tuliyoizoea tangu mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara huulizwa maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha akapangiwa kiasi, ambacho hakiwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, naye hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Hapa ndipo wakulima na wachuuzi wengi wanapokwama. Mtu auzaye mboga hupata fedha zake kwa siku, hazipati kwa mwaka.

Kwa mgonjwa wa saratani, mpango huo ulipoanza ulitenga shilingi 400,000 kwa mwaka, na zikiisha, nyingine 150,000 kutoka hazina ya dharura na magonjwa sugu. Mnamo Oktoba 2025 Rais William Ruto alitangaza kwamba jumla hiyo ya 550,000 ingepandishwa hadi 800,000. Ni fedha za maana. Ifahamike, hata hivyo, kwamba hutengewa jamaa nzima wala si mtu mmoja mmoja. Mume na mke wakiugua pamoja watachota katika chungu kimoja. Aidha, hospitali yapaswa kuomba idhini kabla ya matibabu kuanza. Mgonjwa asipouliza kama idhini imeombwa, aweza kufika asubuhi akiwa na njaa ya vipimo na kurudi jioni akiwa hajapimwa.

Dada yangu alimaliza dawa, akafanyiwa upasuaji, na mwezi Oktoba akaanza tiba ya mionzi jijini Nairobi. Bima ilililipia. Mimi nikadhani tumevuka mto.

Tiba ya mionzi huchukua dakika chache tu, lakini hutolewa kila siku, mara tano kwa juma, nayo yake ilipangwa kwa majuma matano. Hakuna awezaye kusafiri kila siku kutoka Mutomo. Tukapanga chumba karibu na hospitali, shilingi 500 kwa usiku. Binti yake, mpwa wangu, aliacha kazi ya duka mjini Kitui ili amwangalie, na mwenye duka akaajiri mwingine. Halafu kuna chakula, kwa sababu mtu huyo hawezi kula chochote tu. Hayo yote bima haiyajui. Ijumaa ya juma la tatu dada alipanda basi kwenda nyumbani kuwaona wajukuu, na Jumatatu hakurudi. Nauli haikuwapo, naye hakutaka kunisumbua tena. Nilipopata habari ilikuwa Alhamisi. Daktari hakugomba, alieleza tu kwamba siku zinazorukwa huipa saratani nafasi ya kupumua. Mashine iliyolipiwa maelfu ilikuwa ikimngoja mtu aliyekosa nauli ya basi.

Katika nyumba ile ya wageni alikuwamo mlinzi wa kiwanda kimoja cha Athi River aliyekuwa na saratani ya koo. Kwake tatizo lilikuwa mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi mgonjwa angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Mwajiri mwenye huruma aweza kuzidisha, ila halazimishwi. Siku 14 kwa saratani! Hata homa nyingine hudai zaidi. Mpango wa Inua Jamii nao huwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee wa miaka 70 na zaidi, mayatima na wenye ulemavu mkubwa, lakini saratani peke yake haimwingizi mtu katika orodha hiyo.

Siipingi harambee. Bila harambee wengi wetu tusingesoma. Ninachopinga ni kuitanguliza mahali ambapo bima ingetangulia, ili itakapohitajika kweli, kwa chumba, uji na nauli, iwe imekwisha kuteketea kwenye dirisha la malipo. Watu hawachangi mara mbili kwa moyo ule ule. Na Serikali, ambayo imejenga vituo vya saratani Mombasa, Nakuru na Garissa ili kupunguza safari, yafaa ifikirie pia mabweni ya wagonjwa kando ya vituo hivyo, na iagize kwamba kila mtu anayepewa habari ya saratani apelekwe siku iyo hiyo kwa afisa wa ustawi wa jamii. Maafisa hao wamo katika hospitali kubwa za umma. Ndio wanaojua bima inalipia nini na nani anaweza kuombewa msamaha wa ada. Sisi tulikutana na wetu mwezi wa nane wa ugonjwa, tena kwa kukosea mlango.

Mwezi Novemba tulikutana tena chini ya mwembe, wachache kuliko mara ya kwanza. Mwalimu alifungua daftari lile lile, akalichora upya: safu ya nauli, ya chumba, ya chakula, na ya mchango wa bima wa mwaka unaofuata. Zilipatikana shilingi 31,400. Tulianza kwa kujaza ile safu ya mwisho, kisha nauli. Dada alikuwa akitazama kutoka kizingitini, kitambaa kichwani, akauliza kama mpwa wangu naye hangeandikiwa safu yake. Mwalimu aliangalia ukurasa, akasema nafasi imekwisha.