Zabibu nzima si ya mtoto mdogo

Zabibu za Dodoma zikiiva, utazikuta zinauzwa hadi vituo vya mabasi. Ukinunua, mtoto wa chini ya miaka 5 usimpe nzima. Tunda hili ni la mviringo na linateleza; likiingia njia ya hewa ya mtoto huiziba kabisa, naye hawezi kulia wala kukohoa. Ndiyo maana wazazi huchelewa kugundua: hakuna kelele.

Ioshe, ikate kwa urefu vipande 4, toa mbegu. Kuikata kwa upana hakutoshi, bado ni duara. Na ale akiwa ameketi, si huku anakimbia.

Akipaliwa lakini anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kupumua, mwinamishe, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, aliyezidi mwaka mmoja simama nyuma yake, mbonyeze juu ya kitovu mara 5, ukivuta ndani na juu. Wa chini ya mwaka usimbonyeze tumbo. Mlaze chali, mbonyeze katikati ya kifua kwa vidole viwili. Rudia, mwenzako akitafuta usafiri.

Usichokonoe koo kwa kidole kama huioni zabibu, utaisukuma ndani zaidi. Hata ikitoka, ukiwa ulimbonyeza tumbo, mpeleke hospitali akapimwe.